Tundu Lisilouma: Historia ya Ukuta wa Pua Uliotoboka katika Viwanda vya Glasgow



Katika makala ya historia ya toleo hili tumechagua jambo dogo kwa ukubwa. Ni tundu linaloweza kuwa kama punje ya mtama, au likafikia upana wa sarafu, nalo liko mahali ambapo halionwi na mtu isipokuwa daktari mwenye taa. Tunazungumzia ukuta wa kati wa pua, ule unaotenganisha mwanzi wa kulia na mwanzi wa kushoto, pale unapotoboka. Tumelichagua kwa sababu sehemu kubwa ya historia yake ilitokea hapa hapa Glasgow tunaposoma, kando ya mto Clyde. Tena ndani yake mna swali linalowahusu watu wa kila taaluma: inakuwaje jambo lijulikane na madaktari, liandikwe, lihesabiwe, na bado watu waendelee kuumia kwa miaka mingi?

Jibu tunalolitoa ni hili. Tundu la pua halikuuma, wala halikumzuia mtu kwenda kazini. Kwa kuwa wenye viwanda, mahakama, na mara nyingine wafanyakazi wenyewe, waliupima ugonjwa kwa maumivu na kwa siku za kukosa kazi, tundu hilo lilihesabiwa kuwa alama ya kazi tu, kama sugu kwenye kiganja cha mkulima. Ilichukua muda mrefu watu kuelewa kwamba alama hiyo ilikuwa na habari ya kusema.

Ukuta wenyewe

Kwanza tuufahamu ukuta. Sehemu ya nyuma, ndani kabisa, ni mfupa. Sehemu ya mbele, ile unayoweza kuitikisa kwa kidole, ni gegedu, yaani kitu kigumu kinachopindika kama kile cha sikio. Pande zote mbili umefunikwa na utando laini wenye unyevu na mishipa mingi ya damu. Sehemu ya mbele chini ndiyo yenye mishipa mingi zaidi iliyokutana pamoja, na ndiko damu ya puani hutoka mara nyingi. Daktari James Little wa New York aliieleza sehemu hiyo mwaka 1879, na Wilhelm Kiesselbach wa Ujerumani akaieleza tena miaka michache baadaye. Hadi leo hutajwa kwa majina yao.

Siri ya ugonjwa wote imo katika jambo moja: gegedu halina mishipa yake ya damu. Hula kwa jirani, yaani kwa ule utando wa pande mbili. Utando wa upande mmoja ukiharibika, gegedu bado hupata riziki yake upande wa pili. Pande zote mbili zikiharibika mahali pamoja, gegedu hufa kwa njaa na tundu hutokea. Tundu likishatokea, kingo zake hukauka na kufanya vigaga. Vigaga vikibanduka damu hutoka, kisha vigaga vingine hufanyika. Hewa iliyokuwa ikipita taratibu ikilowanishwa na kupashwa joto sasa huzungukazunguka ovyo, na mtu huhisi pua imeziba ingawa iko wazi.

Tundu likiwa dogo, mwenye pua hupiga mluzi anapovuta pumzi. Hapa lugha yetu imetutangulia. Waswahili tangu zamani huliita tundu la pua mwanzi, na mwanzi ukiutoboa ubavuni umepata filimbi. Tundu likipanuka mluzi hunyamaza, na wengi hudhani wamepona. Kumbe kunyamaza kwa filimbi ni dalili kwamba ukuta umeliwa zaidi.

Lawama ya kaswende

Kabla ya viwanda, pua iliyoharibika ilihusishwa na maradhi machache yaliyojulikana kila mahali. Ukoma huishambulia pua kutoka ndani. Kifua kikuu kinaweza kufanya hivyo pia. Huko kwetu Afrika ya Mashariki buba iliyokomaa iliweza kula pua na kaakaa, mpaka zilipofika sindano za bismuthi katika miaka ya 1920 na penisilini katika miaka ya 1950. Lakini ugonjwa uliotajwa kwanza na kila mtu ulikuwa kaswende, ambayo wazee wa pwani waliiita pia sekeneko.

Kaswende ilileta aibu. Mtu mwenye pua mbovu alihukumiwa kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana madaktari wa karne ya 19 walipoanza kuona matundu ya pua kwa wafanyakazi wa viwandani, kazi ya kutofautisha sababu haikuwa ya kitaalamu pekee. Ilikuwa pia kazi ya kumwondolea mtu tuhuma. Tofauti yenyewe iko katika ule mgawanyo wa mfupa na gegedu. Kaswende hupenda mfupa, hivyo mgongo wa pua huporomoka na uso hubadilika. Vumbi la kiwandani hula gegedu tu, na hata gegedu hilo huacha ukanda mwembamba chini na mbele, kwa hiyo pua hubaki na umbo lake. Mtu hutembea barabarani na pua nzuri kwa nje, ilhali ndani pana dirisha.

Kromiamu yafika Clyde

Madini ya kromiamu yaligunduliwa mwaka 1797 na mkemia Mfaransa, Louis-Nicolas Vauquelin. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, kwa sababu chumvi zake ni za manjano, za machungwa na za kijani kibichi. Watia rangi wa nguo walizipenda mara moja. Glasgow, mji wa pamba na nguo, ulikuwa soko tayari.

Mwaka 1827 daktari wa Glasgow, William Cumin, aliandika katika jarida la kitabibu la Edinburgh kuhusu vidonda alivyoviona kwa watu walioshika baikromati ya potasiamu. Vilikuwa vidonda vya ajabu. Vilichimba chini badala ya kutanuka, vikawa na kingo zilizonyooka kama zimetobolewa kwa chombo. Wafanyakazi wenyewe waliviita matundu ya kromiamu. Tuukumbuke mwaka huo, maana huko Zanzibar Seyyid Said alikuwa bado hajahamishia makao yake kutoka Maskati. Hivyo ndivyo habari hii ilivyo ya zamani.

Upande wa kusini-mashariki wa mji, mahali paitwapo Shawfield, katika mji mdogo wa Rutherglen, ndugu wawili wa ukoo wa White walikuwa na kiwanda cha kemikali. Kiliitwa J & J White, na baadaye kikawa kiwanda kikubwa kabisa cha kromiamu nchini Uingereza. Kazi ilikuwa hivi: mawe ya madini yalisagwa, yakachanganywa na chokaa na magadi, yakachomwa katika tanuri huku wanaume wakiyakoroga kwa vyuma virefu, kisha yakayeyushwa kwa maji, yakachemshwa na kukaushwa mpaka yakawa fuwele za rangi ya machungwa. Katika kila hatua palikuwa na vumbi au mvuke. Vumbi hilo lilitua juu ya utando wenye unyevu wa pua, hasa pale mbele chini ambapo hewa hugonga kwanza, likaanza kuunguza. Kidole chenye vumbi kilichoingia puani kukwangua vigaga kilimaliza kazi. Ndani ya wiki au miezi, tundu lilikuwa tayari.

Madaktari wa Ufaransa waliandika kwa kirefu juu ya wafanyakazi wa kromati katikati ya karne ya 19. Imani moja iliyoenea wakati huo ilikuwa kwamba wavuta ugoro hawatoboki pua, kwa kuwa ugoro huwafanya wapenge kamasi mara kwa mara na kulitoa vumbi. Tunaitaja imani hiyo kwa sababu inaonyesha namna ya kufikiri ya zama zile. Kila mtu alitafuta kinga ndani ya pua ya mfanyakazi, na wachache walitazama juu ya tanuri kuuliza kwa nini vumbi linatoka.

Mwaka wa 1899

Katika miaka ya 1890 serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza viwanda vya kemikali. Wakaguzi walipowapima watu wa viwanda vya kromati puani, walikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wametoboka. Hakuna aliyeweza kudai tena kwamba ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja.

Mwaka 1899 wafanyakazi wa Shawfield waligoma. Keir Hardie, mwana wa Lanarkshire aliyeanza kazi ya machimbo akiwa mtoto na ambaye mwaka 1892 alikuwa ameingia bungeni kuwawakilisha wafanyakazi, aliichukua habari yao na kuiandika katika gazeti lake, kisha katika vijitabu. Alieleza saa 12 za kazi kwa siku, siku saba kwa wiki, bila muda uliotengwa wa kula, kwa malipo ya peni tatu au nne kwa saa. Alieleza pia pua na ngozi zilizoliwa. Kijitabu chake alikiita kwa Kiingereza jina lenye maana mbili: watumwa weupe, na pia watumwa wa White, kwa kuwa White ndilo lilikuwa jina la mwenye mali.

Sisi tunaotoka pwani tunalisoma neno hilo la utumwa kwa uangalifu. Mwaka 1897, miaka miwili tu kabla, hadhi ya kisheria ya utumwa ilikuwa imefutwa Unguja na Pemba, na watu waliokuwa watumwa walikuwa bado wanatafuta namna ya kuishi huru. Mfanyakazi wa Shawfield hakuuzwa sokoni, naye aliweza kugoma. Hardie alilitumia neno hilo kama mwanasiasa anayetaka kuamsha watu waliolala. Hata hivyo alifaulu kuonyesha jambo la kweli: kwamba uhuru wa kuacha kazi una thamani ndogo kwa mtu ambaye akiiacha leo, kesho watoto wake hawali.

Mwenye kiwanda alikuwa John Campbell White, aliyepewa cheo cha Lord Overtoun mwaka 1893. Alikuwa mtu wa kanisa, mtoaji mkubwa wa sadaka, na mtetezi wa kuiheshimu Jumapili. Hardie hakukosa kuuliza kwa nini tanuri za Shawfield ziliwaka Jumapili. Kelele zilipozidi, hali ya kazi kiwandani iliboreshwa kiasi. Lord Overtoun alifariki mwaka 1908. Bustani aliyowapa watu wa Rutherglen bado ina jina lake, na wengi wetu tumepita hapo bila kujua fedha zake zilitoka wapi.

Fedha zilizovuka bahari

Hapa historia ya pua ya Glasgow inagusa Afrika. Lord Overtoun aliongoza kamati ya misheni ya Livingstonia, iliyofanya kazi kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1894 misheni hiyo, chini ya Dkt. Robert Laws, ilianzisha chuo kwenye uwanda wa juu wa Khondowe, katika nchi ambayo leo ni Malawi, kikaitwa Chuo cha Overtoun. Kilifundisha ualimu, uchapaji, useremala na ufundi mwingine, kikawa miongoni mwa vyuo vilivyosifika katika Afrika ya Kati.

Kutoka chuo hicho alitoka David Kaunda, aliyetumwa mwaka 1904 kufundisha na kuhubiri Chinsali, na ambaye mwanawe Kenneth akaja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia. Alitoka pia Clements Kadalie, ambaye mwaka 1919 alianzisha huko Cape Town chama cha wafanyakazi kilichokua kikawa chama kikubwa cha wafanyakazi Waafrika katika nchi zile. Na baada ya Wajerumani kushindwa, wamisionari wa Livingstonia walivuka mpaka na kwa miaka kadhaa walisimamia misheni za Wamoravia kule Rungwe, Tanganyika.

Tufanye nini na habari hii? Wengine watasema wema wa chuo unafuta ubaya wa kiwanda. Wengine watasema fedha zile zilikuwa najisi, na chuo pia. Sisi hatuoni kwamba mwanahistoria analazimika kuchagua kati ya hayo mawili. Kazi yake ni kuweka pande zote mbili katika daftari moja la hesabu. Sehemu ya gharama ya elimu ya Khondowe ililipwa na watu wa Rutherglen ambao hawakuulizwa, nao waliilipa kwa pua zao. Na mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, bila shaka bila mtu wa Shawfield kukusudia, akaenda kuwafundisha wafanyakazi kuungana.

Mkaguzi aliyetazama juu ya tanuri

Mwaka 1898 Uingereza ilimteua daktari wa kwanza wa ukaguzi wa viwanda, Thomas Legge. Huyu ndiye aliyeugeuza mjadala. Kanuni aliyoisisitiza maisha yake yote ni rahisi: mwajiri asipofanya kila analoweza kufanya, mfanyakazi peke yake hana uwezo wa kujikinga. Kinga inayotegemea mtu akumbuke kila siku kupaka mafuta puani, aoshe mikono, afunge kitambaa, itashindwa siku moja. Kinga iliyojengwa ndani ya mtambo wenyewe, kama vile bomba linalonyonya vumbi na kifuniko juu ya pipa linalochemka, hufanya kazi hata mtu akiwa amechoka au amesahau.

Mafuta mgando ya kupaka puani hayakuachwa. Yalisaidia, na kanuni za viwanda ziliyataja. Lakini nafasi yake ikawa ya pili.

Sheria ilifuata kwa mwendo wa kobe. Sheria ya fidia ya mwaka 1906 ilikubali kwamba maradhi ya kazini, na si ajali tu, yanastahili fidia. Ila ilimtazama mtu aliyeshindwa kupata mshahara wake. Mwenye tundu puani aliendelea kupata mshahara, kwa hiyo mbele ya sheria alikuwa mzima. Mwaka 1919 iliamriwa kwamba kila kidonda cha kromiamu kiripotiwe kwa wakaguzi. Mwaka 1931 zikaja kanuni za kazi mpya iliyokuwa inaenea haraka, ya kupaka vyuma kromiamu kwa umeme ili ving'ae. Huko mvuke wa asidi hupanda kutoka kwenye pipa na kumwingia puani anayeliinamia. Kanuni zilitaka mvuke huo unyonywe ukingoni mwa pipa, na mikono na pua za wafanyakazi zikaguliwe mara kwa mara. Tujiulize maana ya ukaguzi huo: kwa mara ya kwanza, pua ya mtu asiyelalamika ilitazamwa kwa lazima ya sheria.

Habari iliyokuwa imeandikwa puani

Mwaka 1890 David Newman, daktari wa hapa Glasgow, aliandika katika jarida la kitabibu la mji huu juu ya mgonjwa aliyefanya kazi ya rangi za kromiamu. Mgonjwa huyo alikuwa na tundu katika ukuta wa pua, na ndani ya pua hiyo hiyo alikuwa na saratani. Ilikuwa taarifa ya mtu mmoja tu, na haikuleta kishindo.

Miaka ya 1930 madaktari wa Ujerumani walikuwa wameshaona saratani za mapafu kwa watu wa viwanda vya kromati. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani, Willard Machle na Frederick Gregorius, walichapisha hesabu za viwanda vya huko zilizoonyesha vifo vya saratani ya mapafu kupita kiasi. Mwaka 1956 Lesley Bidstrup na R. A. M. Case walionyesha hali hiyo hiyo katika viwanda vya Uingereza. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba kromiamu ya aina hiyo, wanayoiita ya sita, husababisha saratani kwa binadamu.

Tangu Newman mpaka Bidstrup na Case ni miaka 66. Katika muda huo wote tundu la pua liliendelea kuitwa jambo dogo. Kumbe vumbi lililotosha kutoboa ukuta lilikuwa pia linapita na kwenda mapafuni. Pua ilikuwa mlango, na mlango uliovunjwa ulikuwa unatoa habari ya kilichoingia ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Shawfield ukuta wenyewe ndio ulioonyesha ufa, na waliouona walisema hauumi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1967. Taka zake zilikuwa zimeshamwagwa katika mashimo na viwanja vingi kusini-mashariki mwa mji, na kazi ya kuisafisha ardhi inaendelea hadi leo. Katika miaka ya hivi karibuni watu wameona maji ya kijito cha Polmadie yakigeuka kijani cha kung'aa. Ile rangi iliyowavutia watia nguo miaka 200 iliyopita bado inatiririka.

Tiba, na kwa nini ni ngumu

Wasomaji watauliza: tundu haliwezi kuzibwa? Linaweza, ila kwa shida, na sababu tumeshaieleza. Kiraka chochote kikiwekwa kwenye gegedu lisilo na damu hufa. Lazima kiletwe pamoja na mishipa yake.

Tena upasuaji wenyewe umechangia idadi ya matundu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Otto Freer wa Chicago na Gustav Killian wa Freiburg walieneza njia ya kunyoosha ukuta uliopinda kwa kutoa gegedu katikati ya tando mbili. Njia hiyo ilisaidia wengi, lakini pale tando zote mbili zilipochanika sambamba, mgonjwa alirudi nyumbani na tundu. Wapasuaji waliofuata, Maurice Cottle wa Chicago akiwa mmoja wao, walifundisha kuhifadhi gegedu kadiri iwezekanavyo. Somo lilikuwa lile lile la kiwandani: ukuta huu haurudi, basi usiharibiwe.

Leo madaktari huanza kwa kutafuta sababu. Hupima damu, na pengine hukata kipande kidogo cha ukingo wa tundu kukichunguza, kwa sababu kuna maradhi ya mwili mzima yanayojitokeza kwanza puani, yakiwemo yale ya kinga ya mwili kushambulia mishipa yake yenyewe. Kuziba tundu kabla ya kuondoa sababu ni kupaka chokaa ukuta unaovuja. Tundu lisilosumbua huachwa. Lenye vigaga husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kulainishwa kwa mafuta. Tangu miaka ya 1970 kumekuwa na kizibo cha silikoni chenye umbo la vifungo viwili vilivyounganishwa, kinachokaa ndani ya tundu kwa pande zote mbili. Wapo wanaokivumilia kwa miaka, na wapo wanaokikataa. Na kwa upasuaji, utando wa jirani huchunwa na kusogezwa ukiwa bado umeshikamana na mishipa yake, upande huu na upande ule, na katikati huwekwa tabaka jembamba, mara nyingi lililotolewa juu ya msuli wa pembeni mwa kichwa. Tundu la chini ya sentimita moja lina matumaini mazuri. Likizidi sentimita mbili kazi huwa ngumu sana hata kwa bingwa.

Kwetu leo

Viwanda vya Clyde vimekwisha, lakini tundu halikwenda navyo. Katika miji ya vyuo sababu inayotajwa sana siku hizi ni kokeini inayovutwa puani. Dawa hiyo hubana mishipa ya damu ya utando mpaka gegedu linakosa chakula, na pia huondoa maumivu, kwa hiyo mwenye kuumia hana habari. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Tumeona juu jinsi hukumu ya kaswende ilivyowafanya watu wafiche pua zao, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye vigaga visivyoisha, damu ya mara kwa mara au mluzi asioujua, amwone daktari wa masikio, pua na koo, na amweleze kweli yote.

Wenzetu wanaocheza mpira nao wajue kwamba pigo la pua linaweza kukusanya damu chini ya utando. Pua ikivimba ndani pande zote mbili na kuziba baada ya pigo, ni ya hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ndani ya siku chache gegedu linaweza kufa. Na wenye watoto wadogo wasisubiri asubuhi mtoto akiingiza puani betri ndogo ya duara kama ya saa. Betri hiyo huunguza ukuta ndani ya saa chache.

Na wale watakaorudi nyumbani kuwa wahandisi, wanasheria au maofisa wa kazi, watakuta karakana zinazopaka vyuma kromiamu, vijana wakiinamia mapipa. Wakiwauliza kama kuna tatizo, huenda wakajibiwa kwamba hakuna, maana hakuna kinachouma. Jibu hilo lilitolewa Rutherglen pia, na watu walizikwa nalo. Afadhali wachukue taa, watazame puani, kisha wainue macho juu ya pipa waone mvuke unakwenda wapi.